Jinsi ya Kuandika Mchezo Wako wa Kwanza kwenye Kikokotoo cha TI-84 Plus

Kikokotoo cha grafu cha TI-84 Plus kinaendeshwa na prosesa ya Z80 ya megahezi 15. Kina kilobaiti 24 hivi za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na skrini yake ni pikseli 96 kwa 64. Picha moja uliyopiga kwa simu leo haienei humo. Lakini ndani ya nafasi hiyo hiyo watu wameandika michezo ya vita vya angani, chesi, programu za kemia na hata mifumo yenye madirisha na mshale wa kubofya. Wengi wao walianza wakiwa wanafunzi wa sekondari, bila mwalimu, wakiwa na kikokotoo na kitabu chake cha maelekezo basi.

Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema: mchezo wa kwanza uandike kwa vitufe vya kikokotoo chenyewe, umalize, ndipo uhamie kwenye kompyuta. Ukianza na kompyuta utashawishika kuandika mambo makubwa ambayo kikokotoo hakiyawezi, kisha utakata tamaa. Ukianza na vitufe, kila herufi inakugharimu, na utajifunza haraka kipi cha lazima na kipi cha kuacha. Ndiyo shule ambayo wapenzi wengi wa mashine hizi wamepitia, na sijaona iliyo bora zaidi kwa mtu anayeanza kuandika programu.

Hobi hii ilikotoka

Kikokotoo cha kwanza cha grafu kuuzwa madukani kilikuwa Casio fx-7000G, mwaka 1985. Texas Instruments ya Marekani iliingia mwaka 1990 na TI-81, na ndiyo iliyoteka madarasa ya huko. SAT, mtihani wa kuombea vyuo huko, ulianza kuruhusu vikokotoo mwaka 1994, na mwaka uliofuata mtihani wa AP wa kalkulasi (wa kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari) ukataka kabisa mwanafunzi awe na kikokotoo cha grafu. Kwa hiyo maelfu ya vijana wakajikuta na kompyuta ndogo mfukoni, kihalali, ndani ya kipindi cha hesabu, na ndani yake kuna lugha ya programu.

Lugha hiyo, ambayo watu huiita TI-BASIC, ni ya polepole. Katikati ya miaka ya 1990 wapenzi wa TI-85 wakatafuta njia ya kuzungumza na prosesa moja kwa moja. Kampuni haikuwa imeweka njia hiyo. Walichofanya ni kuchukua nakala ya kumbukumbu yote ya kikokotoo na kuihifadhi kwenye kompyuta, wakaibadilisha, kisha wakairudisha ikiwa na msimbo wao ndani. Programu iliyotokana na ujanja huo iliitwa ZShell. Kampuni iliona. TI-83 ya mwaka 1996 ilikuja na mlango uliofichwa wa kuendeshea asembli, yaani lugha ya kuiamuru prosesa moja kwa moja, na TI-83 Plus ya mwaka 1999 ikaweka amri ya Asm( waziwazi kwenye orodha ya amri zake. TI-84 Plus, iliyotoka mwaka 2004, ni ndugu wa moja kwa moja wa hiyo TI-83 Plus, na programu nyingi zinakwenda kwenye zote mbili.

Pata mashine

TI-83 Plus, TI-84 Plus au TI-84 Plus CE yoyote inafaa. CE, ya mwaka 2015, ina skrini ya rangi na prosesa ya eZ80 ya megahezi 48. Amri zote nitakazotumia hapa zinafanya kazi humo, ila skrini yake ya maandishi ina mistari 10 ya nafasi 26, wakati TI-84 Plus ina mistari 8 ya nafasi 16. Iliyotumika inatosha kabisa. Kabla ya kulipa, washa, bonyeza kila kitufe, na angalia kama kuna mistari iliyokufa kwenye kioo.

Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya kuna jambo la kuzingatia. NECTA na KNEC, pale zinaporuhusu vikokotoo, zinaruhusu visivyopokea programu. Kikokotoo hiki ni cha kujifunzia na kufurahia, usiingie nacho kwenye chumba cha mtihani.

Kama huna uwezo wa kukinunua, kuna emuleta, yaani programu za kompyuta zinazokiiga: Wabbitemu kwa familia ya TI-83 Plus na TI-84 Plus, na CEmu kwa CE. Zote zinahitaji nakala ya ROM, yaani mfumo uliohifadhiwa ndani ya kikokotoo, na ROM ni mali ya kampuni, hivyo itoe kwenye kikokotoo unachokimiliki wewe. Asiye na mashine kabisa anaweza kutumia NumWorks, kikokotoo cha Ufaransa kilichotoka mwaka 2017, ambacho watengenezaji wake wameweka kiigaji cha bure kinachofunguka kwenye kivinjari. Lugha yake ni Python, kwa hiyo msimbo wa mwongozo huu hautaingia humo ulivyo, ila hatua za kufikiri ni zile zile.

Zoea uandishi wa vitufe

Bonyeza PRGM, sogea kulia hadi NEW, chagua Create New, kisha andika jina lisilozidi herufi 8. Tuite programu yetu KISIA. Bonyeza ENTER na utaona nukta mbili upande wa kushoto, zikikusubiri.

Hapa ndipo wageni wengi wanapokwama: amri haziandikwi herufi kwa herufi, zinachaguliwa kwenye menyu. Ukichapa D, I, S, P kwa kitufe cha ALPHA, kikokotoo hakioni amri ya Disp. Kinaona D mara I mara S mara P. Amri yenyewe iko kwenye PRGM, ukurasa wa I/O, namba 3. Sababu ni kwamba kila amri huhifadhiwa kama alama moja. ClrHome yenye herufi saba inachukua baiti moja tu. Herufi ndogo, kwa upande mwingine, zinachukua baiti mbili kila moja, na kwa kawaida huzipati bila programu ya kuzifungulia, ndiyo maana maandishi ya michezo ya TI-BASIC karibu yote ni ya herufi kubwa.

Njia za vitufe utakazozihitaji leo:

- If, Then, Repeat na End ziko PRGM, ukurasa wa CTL.
- Input, Disp, Output(, getKey na ClrHome ziko PRGM, ukurasa wa I/O.
- Alama za =, < na > ziko 2nd kisha MATH. Ukisogea kulia kwenye menyu hiyo hiyo utaikuta "and".
- randInt( iko MATH, ukurasa wa PRB.
- Mshale wa kuhifadhi, →, ni kitufe cha STO.
- Alama ya kufungua maneno, ", ni ALPHA na kitufe cha kujumlisha. Nafasi tupu ni ALPHA na 0. Alama ya kuuliza ni ALPHA na kitufe cha hasi.

Ukitaka kuandika herufi nyingi mfululizo, bonyeza 2nd kisha ALPHA, nayo itabaki imefungwa kwenye herufi. Hakuna kitufe cha kuhifadhi programu. Ukitoka kwa 2nd na MODE, kila ulichoandika kimebaki.

Programu ya kwanza: kukisia namba

Chapa hivi, mstari kwa mstari:

```
ClrHome
randInt(1,100→N
0→C
Repeat G=N
Input "NAMBA?",G
C+1→C
If G<N
Disp "PANDA
If G>N
Disp "SHUKA
End
Disp "UMEPATA",C
```

Toka, bonyeza PRGM tena, chagua KISIA kwenye EXEC, piga ENTER mara mbili, na mchezo umeanza. Mchezaji anayegawanya katikati kila mara hatahitaji zaidi ya majaribio 7 kuipata namba yoyote kati ya 1 na 100. Ukipata nafasi, ongeza sharti la kuusimamisha mchezo yakifika majaribio 7 na umwambie mchezaji kama ameshinda au ameshindwa. Usiangalie jibu kwa mtu mwingine, maana hapo ndipo utakapoielewa If kwa mara ya kwanza.

Sasa tuutazame msimbo wenyewe. Mabano ya randInt( hayajafungwa na PANDA haina alama ya kufungia maneno. Kikokotoo hufunga chenyewe mstari unapoisha au kinapokutana na mshale wa kuhifadhi, na kila alama uliyoiacha ni baiti moja uliyookoa. Kwenye NAMBA? alama imefungwa kwa sababu koma inafuata.

If isiyo na Then inatawala mstari mmoja tu unaofuata. Sharti likiwa si kweli, mstari huo unarukwa. Ukitaka itawale mistari mingi, weka Then na umalizie na End.

Repeat hukagua sharti lake mwishoni, inapofika End, kwa hiyo kilicho ndani yake hufanyika angalau mara moja. Ungetumia While G≠N, ambayo hukagua mwanzoni, ungeweza kukutana na kisa hiki: G bado ina namba ya mchezo wa jana, kwa bahati N ya leo ni ile ile, na programu inatangaza ushindi kabla hujaulizwa kitu. Herufi za kikokotoo, A hadi Z pamoja na θ, hazifutiki programu inapoisha. Zina thamani uliyoziachia, na programu nyingine yoyote inaweza kuwa imezibadilisha. Anza kila programu kwa kuweka thamani za mwanzo za herufi unazozitegemea.

Ukikosea, skrini itaandika ERR:SYNTAX au kosa jingine na kukupa 1:Quit na 2:Goto. Chagua Goto, itakupeleka penye kosa. Programu ikikwama kwenye kitanzi (sehemu inayorudiwa) kisichoisha, bonyeza ON.

Mchezo wa kusogea

Sasa tutengeneze kitu kinachotembea. Mchezaji ni herufi O, anakusanya nyota zinazotokea popote kwenye skrini, na CLEAR inamtoa nje. Anzisha programu mpya, iite NYOTA.

```
ClrHome
4→A
8→B
0→S
randInt(1,8→Y
randInt(1,16→X
Repeat K=45
Output(Y,X,"*
Output(A,B,"O
Repeat K
getKey→K
End
Output(A,B," ")
A+(K=34 and A<8)-(K=25 and A>1→A
B+(K=26 and B<16)-(K=24 and B>1→B
If A=Y and B=X
Then
S+1→S
randInt(1,8→Y
randInt(1,16→X
End
End
ClrHome
Disp "ALAMA",S
```

Output( hupokea mstari kwanza, kisha nafasi ndani ya mstari, kisha kitu cha kuandika. A ni mstari wa mchezaji, B ni nafasi yake.

getKey inarudisha namba ya kitufe kilichobonyezwa, au 0 kama hakuna. Namba hizi watu huzikariri kama jedwali la kuzidisha, lakini huna haja, kwa sababu zina mpango: tarakimu za mbele ni safu ya kitufe kutoka juu, na tarakimu ya mwisho ni nafasi yake kutoka kushoto. CLEAR iko safu ya 4, nafasi ya 5, ndiyo 45. ENTER iko safu ya 10, nafasi ya 5, ndiyo 105. Mishale ni 24 kushoto, 25 juu, 26 kulia na 34 chini.

Kitanzi cha ndani, Repeat K, kinasubiri mpaka K iwe kitu kingine zaidi ya sifuri, yaani mpaka kitufe kibonyezwe. Bila hicho, kikokotoo kingefuta na kuchora O bila kupumzika, nayo ingepepesa machoni.

Angalia pia jinsi tunavyofuta. Tunaandika nafasi tupu pale alipokuwa mchezaji kabla hajahama. Wanaoanza wengi hupenda kuita ClrHome kila mzunguko na kuchora upya kila kitu, na skrini inawaka na kuzima mpaka macho yanauma. Futa kilichobadilika tu.

Nyota mpya ikitokea pale pale aliposimama mchezaji, haipotei. O itaifunika, na mchezaji akihama itachorwa tena mwanzo wa mzunguko. Lakini akishahama, ili aipate itabidi arudi. Kama hilo linakuudhi, kitanzi kidogo cha Repeat kinachochagua nyota mpaka isiwe mahali pa mchezaji kitalimaliza.

Ibane programu yako

Hapa ndipo hobi yenyewe ilipo, na watu wanaweza kujadili baiti tatu kwa wiki nzima kwa furaha kubwa. Chukua mistari miwili ya mwendo. Mtu anayeandika kwa mara ya kwanza angeandika hivi:

```
If K=34 and A<8
A+1→A
If K=25 and A>1
A-1→A
If K=26 and B<16
B+1→B
If K=24 and B>1
B-1→B
```

Ni sahihi, na inachukua baiti 65. Hesabu mwenyewe: humu kila amri, herufi, tarakimu na mwisho wa mstari ni baiti moja. Mistari miwili niliyokupa inachukua baiti 51 na inafanya kazi ile ile. Siri yake ni kwamba kwa kikokotoo sharti ni namba: likiwa kweli ni 1, likiwa si kweli ni 0. Kwa hiyo (K=34 and A<8) ni moja tu pale mshale wa chini umebonyezwa na mchezaji hajafika mstari wa mwisho, nasi tunaijumlisha kwenye A moja kwa moja. Ukilizoea hili utaanza kuona If nyingi zisizohitajika kila mahali.

Mbinu nyingine chache zenye faida ya kweli:

DelVar inafuta herufi, na herufi iliyofutwa husomeka kama 0. Faida ni kwamba mstari mpya si lazima baada yake, kwa hiyo DelVar SDelVar C ni halali kabisa, na kila moja inaokoa baiti ukilinganisha na 0→S.

Epuka amri ya Goto, inayoruka hadi mahali palipowekwa alama ya Lbl. Kikokotoo huanza kuitafuta Lbl kuanzia mwanzo wa programu kila mara, na programu ikirefuka utauona uzito wake. Baya zaidi ni kutoka kwa Goto katikati ya kitanzi au ndani ya Then kabla ya kufika End. Kikokotoo kinaendelea kukumbuka kwamba kuna End inayosubiriwa, na kila ukirudia kinaongeza nyingine, mpaka siku moja mchezaji anakutana na ERR:MEMORY katikati ya mchezo na hajui imetoka wapi. Michezo mingi ya zamani iliyo mizuri kwa kila hali ina ugonjwa huu.

Kuna na la ajabu ambalo halimo kwenye vitabu vya maelekezo: kama mstari wa kwanza ndani ya For(, kitanzi kinachohesabu mizunguko, ni If isiyo na Then, funga mabano ya For(. Ukiyaacha wazi, kitanzi kinakuwa cha polepole sana kila sharti linaposhindwa. Hiyo ndiyo baiti moja ninayokusihi uilipe.

Ukitaka kuongeza shinikizo kwenye NYOTA, weka 0→T mwanzoni, ingiza T+1→T ndani ya kitanzi cha kusubiri, na usimamishe mchezo T ikizidi namba fulani. Namba hiyo itafute kwa kujaribu. TI-83 Plus inakwenda kwa megahezi 6 na TI-84 Plus kwa 15, hivyo namba inayotoa sekunde kumi kwenye moja itatoa nyingi au chache kwenye nyingine.

Ilinde kazi yako

Programu inakaa kwenye RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, na RAM hufutika: programu ya asembli ikianguka, au betri zikitolewa zote ikiwemo ile ndogo ya akiba. Bonyeza 2nd na kujumlisha kupata MEM, chagua Archive, kisha taja programu yako. Itahamia kwenye kumbukumbu isiyofutika. Ukijaribu kuiendesha ikiwa huko utapata ERR:ARCHIVED, basi irudishe kwa UnArchive kabla ya kucheza. Wengi huweka ganda, yaani programu ya kufungulia programu nyingine, kama Doors CS au MirageOS, ambayo huendesha programu zilizohifadhiwa bila usumbufu huo.

Fanya hivi kila ukimaliza kuandika, hata kama umebadilisha mstari mmoja.

Kutoka kikokotoo hadi kikokotoo, na hadi kompyuta

Njia ya zamani zaidi ndiyo iliyosambaza michezo katika madarasa ya Marekani kabla intaneti haijafika kila nyumba: waya mfupi kati ya vikokotoo viwili. Fungua LINK kwa 2nd na kitufe cha X,T,θ,n. Anayepokea aanze, achague RECEIVE mpaka skrini iandike Waiting. Kisha anayetuma achague programu na Transmit. Ukigeuza mpangilio huo, mtumaji atapata kosa.

Kwa kompyuta, TI-84 Plus hutumia waya wa USB ndogo na programu ya TI Connect. Kwenye Linux kuna TiLP. Faili la programu litakuwa na kiambishi cha .8xp. Cemetech, moja ya makao makuu ya wapenzi hawa, ina kihariri cha mtandaoni kiitwacho SourceCoder ambacho kinafungua faili hizo na kukuonyesha msimbo, na pia kinakuwezesha kuandika kwa kibodi ya kawaida na kupakua .8xp iliyo tayari. Sasa ndio wakati wake. Fungua NYOTA humo, kisha fungua programu za wengine. Hazina ya ticalc.org, iliyoanza mwaka 1996, ina maelfu ya programu, na zile za TI-BASIC ambazo hazijafungwa unaweza kuzisoma mstari kwa mstari. Soma fupi kwanza.

Ukitaka kwenda mbali zaidi

TI-BASIC itakuchosha kwa mwendo wake pale utakapotaka vitu vingi visogee kwa pamoja. Kwenye TI-83 Plus na TI-84 Plus una njia mbili nzuri. Axe ni lugha inayofanana kidogo na TI-BASIC, unaiandika kwenye kikokotoo chenyewe, na inageuzwa kuwa msimbo wa mashine. Asembli ya Z80 yenyewe ni ngumu zaidi, lakini maelezo yake yamejaa kwa sababu prosesa hiyo imetumika tangu mwaka 1976 kwenye kompyuta nyingi. Kumbuka asembli haina ERR wala Goto: ukikosea, kikokotoo kinaganda au kinafuta RAM. Jaribu kwenye emuleta kabla ya kuweka kwenye mashine.

Kwa CE, jumuiya imejenga zana za kuandikia kwa C na C++, na ni kazi ya kupigiwa mfano. Shida yake ni mfumo endeshi. Mwaka 2020, kuanzia toleo la 5.5, kampuni iliondoa uwezo wa kuendesha asembli kwenye CE, ikitaja usalama wa mitihani. Wapenzi walijibu kwa arTIfiCE, inayourudisha uwezo huo. Kama CE yako ina toleo la zamani na ungependa asembli, usikubali kusasisha mfumo wake ukiombwa.

Mvutano huu si mgeni. Mwaka 2009 Benjamin Moody aliiachia kompyuta yake kazi kwa zaidi ya miezi miwili na kuupata ufunguo wa biti 512 ambao kampuni ilitumia kutia sahihi mfumo endeshi wa TI-83 Plus. Wengine wakaunganisha kompyuta zao na kuzipata funguo nyingine. Kampuni ikatuma barua za kisheria za kutaka ziondolewe mtandaoni, na EFF, shirika linalotetea haki za watu mtandaoni, likajitokeza kuwatetea waliozichapisha. Naamini kwa dhati kwamba mtu aliyenunua mashine ana haki ya kuifundisha kazi mpya, na kwamba kampuni ilipoteza nafasi ya kuwakumbatia vijana ambao ndio walioipenda bidhaa yake kuliko mteja mwingine yeyote.

Toa mchezo wako

Usisubiri uwe mkamilifu. Andaa kifurushi kimoja chenye faili la .8xp, picha ya skrini, na faili la maelezo. Kwenye maelezo andika mchezo unafanya nini, vitufe vyake, umeujaribu kwenye mashine zipi na toleo gani la mfumo, unatumia herufi na orodha zipi (mtu anaweza kuwa na data za fizikia kwenye L1 ambazo mchezo wako utazifuta), na jinsi ya kutoka. Kama umechukua kipande cha msimbo cha mtu, mtaje na umwombe ruhusa akiwa anapatikana. Hili linaangaliwa sana, na mtu aliyebadilisha jina tu kwenye kazi ya mwingine hasahauliki upesi. Wanaotumia Kifaransa wana makazi yao, TI-Planet, na msomaji wa Kongo, Burundi au Rwanda anaweza kujisikia nyumbani zaidi huko.

Ripoti ya kwanza ya hitilafu itakuja, na mara nyingi itasema tu kwamba mchezo haufanyi kazi. Muulize aliyeituma mambo matatu: ni kikokotoo gani na mfumo toleo gani, skrini iliandika ERR ipi, na akichagua 2:Goto mshale unasimama kwenye mstari upi. Rekebisha, badilisha namba ya toleo kwenye faili la maelezo, taja jina la aliyeligundua kosa, kisha pakia upya.